Fulana Niliyokuambia Usiifue

Kituoni, 3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo, na pole na moshi wa boila. Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa dawa ya kunawia. Msalimie mjomba, mwambie mguu wake nauombea kila siku, na aache kupanda ngazi ya dari kama kijana. Barua hii naituma kwa dereva wa lori la mboga, maana huku milimani simu ni ya kutazamia saa tu, na wewe yako uliitumbukiza kwenye beseni la mashuka na hutaki kusikia habari ya nyingine. Basi tumerudi enzi za babu, tuandikiane.

Habari za kazi ndizo hizi. Wiki iliyopita tumeletewa tumbili mchanga, dume, wa miezi mitano hivi, aliyekamatwa akiuzwa ndani ya boksi la viatu. Mama yake aliuawa, hatujui lini. Kwenye daftari yeye ni Namba Kumi na Tisa, kwa kuwa hapa hawapewi majina, lakini mimi namwita Bwana Mkubwa kwa jinsi anavyotukodolea macho, utadhani sote tumechelewa kazini. Yuko karantini, peke yake, siku sitini, mpaka daktari wa wanyama ahakikishe hana ugonjwa wa kuambukiza wenzake. Hilo naelewa. Lisiloniingia akilini ni sheria ya zamu. Kila wiki mlezi anabadilishwa, wote tunavaa ovaroli za rangi moja na barakoa, ili asimzoee mtu. Asimzoee mtu! Dada, kitoto hiki kinajikumbatia chenyewe. Anayumba mbele na nyuma, mbele na nyuma, saa nzima, kidole gumba mdomoni mpaka kimechunika ngozi. Chupa anamaliza, uzito unapanda, kwenye chati ni mzima kabisa. Nikamwambia msimamizi, "Huyu anaumia." Akanijibu, "Andika uzito."

Sasa jambo lenyewe. Nimepewa nyumba. Si chumba cha hosteli, ni nyumba, nje ya uzio, yenye jiko na vyumba viwili. Wanaoishi nje ya uzio wanaruhusiwa kukaa na watoto, kwa sababu mafua ya watoto hayawafikii wanyama. Mwaka na nusu nimekuachia mwanangu Kijino, na nilikuahidi haitazidi miezi sita, najua. Mwezi wa sita nakuja kumchukua.

Ila nina swali, usinizungushe. Barua zako tatu za mwisho zote zinasema Kijino hajambo, anakula, anakua. Hizo ni habari za chati. Niandikie anasema nini. Anaimba? Barua ninazomwandikia ukimsomea, anacheka wapi? Anauliza nini juu yangu?

Mdogo wako

*

Duka la dobi, 11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na asante kwa pole, ingawa pole haizibi boila. Linavuja palepale lilipozibwa, na fundi aliyeliziba amehama mtaa, nadhani kwa kuniogopa. Hospitali wanaleta mashuka mia kwa siku, hoteli wanaleta vitambaa vya meza vyenye mchuzi uliokauka tangu Ijumaa, na wote wanavitaka viwe tayari tangu jana. Mjomba mguu umepungua uvimbe, ulimi haujapungua. Juzi kamwambia mteja kwamba shati lake halihitaji dobi, linahitaji mazishi. Mteja hajarudi.

Kijino hajambo. Anakula, anakua. Utanuna, lakini ndivyo ilivyo, ama nikudanganye? Anachambua soksi. Nimempa kapu lake, anazipanga mbilimbili kwa rangi, na ile isiyo na mwenzake anaiweka pembeni na hataki niitupe. Nimekuandikia kitu kisicho cha chati, haya.

Huyo Bwana Mkubwa wako amenikaa kichwani. Hebu niambie, kule kuyumba huwa kunaisha? Kunachukua siku ngapi? Na kukiisha, kumeisha kweli au kumejificha tu? Wewe ndiye uliyesomea mambo hayo, nijibu hasa.

Kengele ya mlangoni inalia, ni wa hotelini hao. Naishia hapa.

Dada yako

*

Kituoni, 29 Machi

Dada,

Shikamoo. Mjomba mpe pole kwa niaba ya yule mteja. Huku mvua, barabara imekuwa uji, lori limekwama mara mbili, na mimi nina mafua kwa hiyo nimepigwa marufuku kukaribia vizimba siku tatu. Nimeshika tama hapa nyumbani kwangu kupya, vyumba viwili vinanitazama.

Nimeuliza maswali manne, umenijibu boila na soksi. Na juu ya mwezi wa sita hata neno moja. Umesahau, ama umemeza?

Haya, mimi nitakujibu. Kule kuyumba huisha, wakipata mtu wa kuwashika. Kwa wengine huisha kwa wiki, wengine hubaki nako hadi utu uzima, ukiwashtua tu wanarudia. Tunaye jike mmoja aliyekulia peke yake miaka miwili kwenye ua wa mtu. Tulipomtia na wenzake, hakujua kucheza. Hakujua hata kuomba radhi. Tumbili ana namna yake ya kusema nimekosa, huinama, hugeuka, hulamba midomo. Yeye hakufundishwa na yeyote, basi alikuwa akipigwa kila siku na hajui kwa nini. Mlezi mzee tuliyemkuta hapa husema anayeharibika zaidi si aliyempoteza mama tu. Ni yule aliyepata wa pili, akamshika, kisha akang'olewa tena.

Kwa hiyo nimevunja sheria. Nimebadilishana zamu na wenzangu wawili, wiki ya tano hii Bwana Mkubwa yuko mikononi mwangu. Anajibana humu kifuani, ananishika ovaroli kwa mikono na miguu, na kuyumba kumepungua nusu. Msimamizi akigundua atanichemsha.

Nimejifunza jambo huku nataka tulifanye. Mama akiugua ikabidi atengwe kwa matibabu, tunachukua gunia analolalia na kumpelekea mtoto, vilevile lilivyo, na harufu yake. Mtoto hulala juu yake akatulia, na mama akirudi hawi mgeni. Nimemkabidhi dereva kifurushi. Ndani mna fulana yangu, nimelala nayo siku kumi. Najua inanuka, ndiyo maana yake. Mpe Kijino alale nayo, ili nikija mwezi wa sita pua yake iwe inanijua hata kama macho yamesahau. Dada, USIIFUE. Nakuomba kama ninavyoomba mvua ikatike.

Mdogo wako

*

Duka la dobi, 24 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mafua yameisha? Kunywa vitu vya moto, uache ubishi. Mjomba sasa anatembea mpaka kona ya mtaa na kurudi, na kila akirudi anahadithia safari kama katoka kuvuka bahari.

Kifurushi kilifika tarehe nane. Barua yako ilifika tarehe kumi na saba. Dereva alikuwa ameiweka chini ya mto wa kiti na kuikalia siku tisa, nimeipokea ina umbo lake.

Umekwisha kuelewa, sivyo?

Nilifungua kifurushi nikakuta fulana, hakuna kikaratasi, hakuna chochote, na harufu ya kumwangusha mtu. Nikasema maskini mdogo wangu, huko hata maji ya kufulia hawana. Nikailoweka, nikaifua mara mbili, nikaisuuza mara tatu, nikaitia wanga kidogo, nikaipiga pasi hadi mikono ikasimama. Miaka ishirini na mbili katika kazi hii sijapata kupokea nguo chafu nikaiacha chafu. Ndipo nikampa mtoto. Barua ilipokuja nikaisoma nimesimama, nikakaa chini juu ya mashuka ya hospitali.

Nisamehe. Lakini usilie sana, maana haikupotea bure. Aliivaa palepale, ikamfika visiginoni. Akazika pua ndani, akavuta pumzi, akasema, "Inanukia mama." Basi furahi, ulichotaka umekipata.

Dada yako

*

Kituoni, 6 Mei

Dada,

Shikamoo. Sote wazima huku.

Nilifurahi. Nilifurahi siku mbili nzima, nikamsimulia daktari, nikamsimulia mpishi wa wanyama, nikaimba nikikata karoti. Siku ya tatu nikiwa nafua ovaroli nikainusa sabuni, nikaiacha ovaroli ndani ya beseni.

Uliifua mara mbili, ukasuuza mara tatu, ukatia wanga. Ndani ya fulana ile mimi sikuwemo. Haikunukia mimi, ilinukia duka. Sabuni, wanga, pasi. Sasa niambie, dada, bila kengele kulia mlangoni. Alipoinusa akasema mama, alimtazama nani?

Mimi ananiita nani? Ananiita chochote?

Mambo yangu ya huku pia yameniharibikia. Msimamizi amegundua zamu zangu. Karantini imekwisha, Bwana Mkubwa ametakiwa ahamie kwa jike mmoja mtu mzima aliyefiwa na mtoto, mtulivu, mwenye maziwa bado. Ni jambo jema, nilikuwa nalisubiri. Lakini wakaamua lifanyike kwa siku moja. Walimbandua kifuani kwangu kidole kimoja kimoja. Alilia, dada, sijapata kusikia kilio kile, na nilikatazwa kugeuka. Leo siku ya pili, hajagusa chupa, jike anamsogelea, yeye anajibana pembeni na kuyumba. Kila kitu nilichokijenga kimebomoka, na kwenye ripoti wameandika kosa ni langu, nilimzoesha mtu. Nina hasira hadi sasa.

Lori la tarehe 14 Juni nimeshaweka nafasi. Mfungie nguo zake.

Mdogo wako

*

Duka la dobi, 30 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mjomba hajambo, boila bado, wateja wale wale. Salamu zimekwisha.

Alinitazama mimi.

Nimeanza barua hii mara nne na mara nne nimeitia motoni, kwa hiyo leo naandika bila kusoma nyuma, vumilia. Ulipoondoka, mwanao hakusema neno siku arobaini na moja. Nilikuwa nahesabu. Hakulia, laiti angelia! Alikaa juu ya bunda la nguo chafu, akiyumba. Mbele na nyuma, mbele na nyuma. Alijing'ata hapa juu ya kiganja mpaka nikamvisha soksi mkononi. Chakula alikula ukimlisha. Nikakuandikia hajambo, anakula, anakua. Uliponiletea habari za huyo mnyama wako, mwezi wa pili, nilisoma mistari ile nikaangusha pasi. Nilidhani kuna mtu amekwambia.

Kwa nini sikusema? Mwanzo nilijidanganya ni kwa ajili yako, usije ukaacha kazi uliyoisotea. Uongo. Nilikuwa naogopa utakuja kumchukua.

Mimi na marehemu mume wangu tulitafuta mtoto miaka kumi na mmoja, hilo unalijua. Usilolijua ni siku ya arobaini na mbili. Nilikuwa natia wanga, nikahisi mtu amenishika sketi kwa nyuma. Alishika tu. Nilifanya kazi siku nzima na mtu ameshika sketi, nikienda kuanika yupo, nikirudi yupo. Wiki moja baadaye akaniita mama. Sikumfundisha, nakuapia. Lakini pia sikumkataza, na ningeweza.

Barua zako simsomei. Ya kwanza nilimsomea, akarudi juu ya bunda. Nikazifunga kwenye sanduku. Picha yako ipo ukutani, anajua kuitaja, anasema "yule wa milimani." Hivyo ndivyo anavyokuita. Uliuliza, nimejibu.

Sasa nisikilize. Wewe ndiye uliyeniandikia, kwa mkono wako, kwamba anayeharibika zaidi ni aliyepata wa pili kisha akang'olewa tena. Halafu unaniambia mfungie nguo zake. Unakuja na lori, umbandue hapa kidole kimoja kimoja, umpeleke mahali asipopajua kwa mtu asiyemjua, na hutaki mimi niseme kitu? Walipokufanyia wewe uliwaka moto. Kitoto cha tumbili umekililia kurasa nne!

Usije tarehe 14. Ukija mlango utaukuta wazi, mimi si mwizi. Lakini nakuomba usije.

Dada yako

*

Kituoni, 19 Juni

Dada,

Shikamoo. Sikuja. Umeshaona.

Barua yako niliisoma nikaitupa, nikaiokota, nikaisoma tena. Nilikutukana kwa sauti, peke yangu, kwenye vyumba hivi viwili, matusi ambayo mama yetu asingejua tumeyajulia wapi. Mwizi wewe. Siku arobaini na moja mwanangu hasemi na mimi huku nakata karoti naimba! Ungeniandikia neno moja tu, ningekuja kwa miguu. Ulinyamaza, na sasa unanipiga kwa maneno yangu mwenyewe. Hasira hii sijui itaisha lini, usitegemee iishe upesi.

Lakini nikakaa nikajiuliza nani aliyeahidi miezi sita. Si wewe. Kila mkataba ulipofika mwisho niliuongeza, na kila mara nilikuwa na sababu nzuri. Sikukuuliza mtoto analia vipi kwa kuwa "hajambo" ilinifaa. Ilinipa usingizi. Mimi ninayewagombeza watu hapa kwa kuandika uzito tu, nilikubali kuandikiwa uzito wa mwanangu mwaka mzima.

Nikwambie yaliyompata Bwana Mkubwa. Siku ya nne bila kula, daktari akanywea, akaniita. Nikamwambia nina namna yangu, tukishindwa nifukuzeni. Niliingia ndani ya kizimba cha yule jike na kitoto kifuani, nikakaa chini. Sikufanya kitu kingine. Siku ya kwanza jike alinipa mgongo. Siku ya pili alinipa mgongo. Nilikaa pale saa nne kila siku, miguu inakufa ganzi, inzi wananitembelea usoni, na kazi yangu nzima ni kutokuwa na maana. Siku ya sita jike akaja kunichambua nywele, na kitoto kikanusa mkono wake. Siku ya tisa alikuwa na mguu mmoja kwangu, mmoja kwake. Siku ya kumi na moja akavuka. Sikumsukuma wala jike hakumvuta. Nilibaki nimekaa, naye hakugeuka kuniangalia, na nililia mpaka barakoa ikalowa, na sikujua ni furaha au ni nini.

Nimeomba likizo ya miezi mitatu. Msimamizi amenuna, ametia sahihi. Lori la tarehe 2 Julai nitakuwemo.

Siji kumchukua. Usifunge nguo, usimwambie "mama yako anakuja," usimvalishe gauni la wageni. Usimsukume anisalimie. Kwako wewe akuite anavyokuita, nikiwepo na nisipokuwepo, sitakukunjia uso. Nitajitahidi, niseme hivyo. Mimi mwambie ni mtu wa kukunja mashuka. Shuka la hospitali halikunjiki na mtu mmoja, unajua mwenyewe linavyoburuta sakafuni. Nitasimama pale na ncha zangu mbili. Atakapotaka kushika hizo nyingine, atashika.

Miezi mitatu ikiisha tutaongea mimi na wewe, uso kwa uso, na hapo utanisikia.

Mdogo wako

*

Duka la dobi, 27 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Naandika haraka, dereva anapiga honi nje, na safari hii nimemtazama akiitia barua mfukoni mwa shati.

Matusi nimeyapokea, ni haki yako. Kitanda nimekitandika chumba cha nyuma, karibu na pasi, pana joto lakini Kijino anapita hapo mara ishirini kwa siku. Mjomba nimemwonya ulimi. Naogopa, sitakuficha tena. Umeniandikia jinsi kitoto kinavyovuka, na jinsi ulivyolia wewe uliyeachwa. Mimi sijui kulia nimekaa, nitakuwa nafua tu, ukiniona nafua nguo safi usiulize.

Nimemwambia asubuhi hii, akiwa kwenye kapu lake la soksi, kwamba kuna mtu anakuja kutusaidia kukunja mashuka. Akaendelea kupanga. Nikadhani hakusikia. Baadaye akaniuliza, bila kunitazama:

"Atakaa, au ni wa kuondoka?"

Nikachukua shuka nikalikunja peke yangu, likaburuta sakafuni. Jibu njoo nalo wewe.

Dada yako